Je, wajua kwa nini watu hukopa ili waonekane wanazo?

Uholanzi kuna bahati nasibu isiyofanana na nyingine. Hachaguliwi mtu, huchaguliwa mtaa, kwa namba yake ya posta. Kila mkazi wa hapo aliyekuwa na tiketi hupata fedha, na wakati wa utafiti nitakaoutaja mmoja wao alipewa pia gari jipya la BMW. Mwaka 2011 wanauchumi wanne walichapisha utafiti kuhusu bahati nasibu hiyo, na jambo lililonigusa humo halihusu washindi. Linahusu majirani zao ambao hawakununua tiketi. Hawa hawakupata hata senti moja, vipato vyao vilibaki vilevile, lakini miezi michache baadaye walikuwa wananunua magari zaidi kuliko watu wa mitaa ambako hakuna aliyeshinda.

Fedha za kununulia zilitoka wapi? Utafiti mwingine, wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, unatoa jibu chungu. Kadiri zawadi ya mshindi wa bahati nasibu ilivyokuwa nono, ndivyo majirani zake wa karibu walivyozidi kukopa, na ndivyo waliotangaza kufilisika walivyoongezeka. Tena watafiti walipokagua mali za hao waliofilisika, walikuta kwamba palipokuwa na zawadi kubwa, mali zilizoongezeka ni zile zinazoonekana kwa macho: nyumba, magari, pikipiki. Fedha taslimu na akiba za uzeeni, ambazo jirani hawezi kuziona akipita nje, hazikuongezeka.

Hapo ndipo penye kiini cha swali letu. Utajiri wenyewe hauonekani. Ni fedha ambayo bado haijatumika, ni usingizi wa mtu asiyedaiwa. Kinachoonekana ni fedha iliyokwisha kutoka mfukoni. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua amesimama wapi miongoni mwa wenzake hana budi kutazama wanachotumia, na wanachotumia hakisemi kimelipiwa na nini. Gari la aliyeweka akiba miaka 10 na gari la aliyekopa jana hung'aa sawasawa barabarani. Wahenga walituambia tukiona vyaelea, vimeundwa. Walitaka tukumbuke jasho lililo nyuma ya chombo. Mkopo umeukata uzi huo. Chombo sasa huelea kwanza, kuundwa kunafuata baadaye, na huku pwani wanaotazama wanajilaumu kwa nini vyao havijafika majini.

Wengi husema chanzo ni tamaa. Mimi siamini hivyo, na naona lawama hiyo huwaumiza watu bila sababu. Nikiwasikiliza wadaiwa, neno linalorudi ni aibu. Mwaka 1776 Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika juu ya shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale, alisema, waliishi vizuri bila kitani, lakini katika Ulaya ya siku zake hata kibarua wa kutwa angeona haya kutokea mbele za watu bila shati la namna hiyo, kwa kuwa kulikosa kulichukuliwa kuwa dalili ya umaskini uliokithiri. Shati halikuwa anasa tena. Lilikuwa bei ya kuheshimiwa. Leo badala ya shati weka simu, viatu vya mtoto shuleni, au ukumbi wa harusi. Mzazi anayekopa ili bintiye asiolewe kinyonge hakutafuta makuu. Alitaka wakwe wasimdharau mwanawe. Ndiyo maana methali ya kukopa harusi na kulipa matanga ni ya huzuni kuliko ya kukaripia.

Hata hivyo aibu peke yake haitoshi kumzamisha mtu. Lazima pawepo anayemkopesha, na anayempangia ngazi ya kupanda. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa magari huko Marekani. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors ilianzisha tawi lake la mikopo, ili mteja aondoke na gari huku akilipa kwa awamu. Henry Ford hakulipenda jambo hilo. Mwaka 1923 kampuni yake ilileta mpango uliokwenda kinyume: mteja anaweka dola 5 kila wiki, na bei ikitimia ndipo anachukua gari. Ni utaratibu wa busara kabisa, nao haukufua dafu. Nani angekubali kutembea kwa miguu mwaka na zaidi huku jirani aliyeanza kulipa siku ileile anampita akiendesha? Mwaka 1928 Ford naye akafungua kampuni ya mikopo.

General Motors ilifanya jambo jingine ambalo nadhani lilikuwa na nguvu kuliko mkopo wenyewe. Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wake mwaka 1923, aliyapanga magari yake kama vidato vya ngazi, Chevrolet chini na Cadillac juu kabisa, na majina mengine katikati kwa watu wa kati. Sura zikawa zinabadilishwa mwaka hadi mwaka. Tangu hapo gari la mtu likawa linataja tabaka lake, tena likitaja na mwaka. Anayebaki na la zamani hajapoteza chochote, gari lake linatembea kama jana, ila machoni pa watu ameshuka.

Kisha kuna namna mkopo unavyocheza na akili. Kutoa noti mkononi kunauma, na maumivu hayo yana faida, maana ndiyo breki yetu. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walipewa nafasi ya kutaja bei ya kununulia tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Baadhi waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi ya mkopo. Wa kadi walitaja, kwa wastani, bei iliyozidi mara mbili ya wenzao. Tiketi ni zilezile na wanafunzi ni wa aina moja; kilichobadilika ni kwamba maumivu yalisogezwa mbele.

Nayo yakifika, hufika kwa matone. Tuseme unadaiwa 1,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na mkopeshaji anakutaka ulipe angalau asilimia 3 ya deni. Unaona umepona. Mwaka ukiisha utakuwa umelipa karibu 346, lakini deni limeshuka kwa 120 tu. Hizo 226 zimekwenda kwenye riba. Ukiendelea hivyohivyo, itakuchukua zaidi ya miaka 5 kufika nusu ya deni. Wakati huo kiatu kilichokopewa kimeshachanika na simu imeshachakaa. Hapa ndipo tabaka linapojionyesha kwa ukali. Mwenye mali hukopa kwa riba ndogo kwa sababu ana dhamana, na mara nyingi hununua kitu kinachopanda thamani. Asiye nayo hutozwa zaidi kwa sababu ni maskini, na ananunua kinachokwisha kabla deni halijaisha.

Uingereza ya karne ya 19 iliweka tofauti hiyo ndani ya sheria zake. Mabwana wenye vyeo vya urithi hawakuweza kukamatwa kwa deni la kawaida. Mafundi cherehani wao walisubiri malipo miaka na miaka, ilhali deni la kamari, ambalo sheria haikulitambua, lililipwa upesi kwa sababu anayedai ni mwenzao wa tabaka moja. Lakini mwaka 1824 John Dickens, karani wa kawaida, alifungwa gereza la Marshalsea jijini London kwa sababu ya deni la pauni 40 na ushei kwa mwokaji mikate. Mwanawe Charles, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikuwa na miaka 12, na akawa anabandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu.

Kuna jambo la mwisho, ambalo naliona ndilo linalowafunga wengi hata baada ya kuelewa hesabu. Kupanda ngazi hufanywa mbele za watu, na kushuka pia. Anayeuza gari ili alipe deni anatangaza yale aliyoyaficha. Mwaka 1949 mwanauchumi James Duesenberry alieleza kwamba mtu kipato chake kikipungua, matumizi yake hayashuki kwa kasi ileile. Anashikilia kiwango alichokwisha kukizoea. Basi deni la pili huchukuliwa ili kulificha la kwanza.

Mfano ni George Brummell, Mwingereza ambaye hakuzaliwa bwana. Alipata nafasi miongoni mwa wakubwa wa London kwa mavazi yake na urafiki wa mwana wa mfalme, na alipoachwa na mwana wa mfalme aliendelea kuvaa na kucheza kamari kama zamani. Usiku mmoja wa Mei 1816, akiwa amezungukwa na wadai, alikwenda kwenye onyesho la opera kama kawaida yake, nadhifu, watu wakamwona. Akatoka mapema, akapanda gari la farasi kuelekea bandari ya Dover, akavuka bahari hadi Ufaransa. Siku chache baadaye vyombo vyake vya kauri na samani vikapigwa mnada. Alikufa mjini Caen, hukohuko Ufaransa, mwaka 1840, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili, na London hakurudi tena.