Isiolo, Marsabit au Moyale? Kabla hujanunua ploti kaskazini

Tangu lami ya Isiolo hadi Moyale ikamilike, watu wanaonipigia simu kuhusu ardhi wamebadilika. Zamani walitaja Kitengela, Nanyuki au Naivasha. Siku hizi wanataja Marsabit, Laisamis, Archers Post, hata Turbi. Kuna wafanyabiashara wanaofuata magari ya mizigo ya Ethiopia, kuna wastaafu wanaotafuta utulivu, na kuna wana wa huko huko waliokulia Nairobi au Minneapolis ambao sasa wanataka kujenga nyumbani. Karibu wote wanaanza na bei. Mimi ni mpima ardhi, na kwangu bei inakuja mwisho. Ninaloanza nalo ni hili: ardhi ya mji huo ni ya nani kisheria, na nani ana mamlaka ya kukupa?

Katiba ya 2010 iliigawa ardhi ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Ukishatoka Isiolo kuelekea kaskazini, sehemu kubwa ya ardhi unayoiona dirishani ni ya jamii. Mgeni akiitazama anaona nyika tupu inayongoja mwenye pesa. Si tupu hata kidogo. Ni malisho ya Wasamburu, Warendille, Wagabra na Waborana, na kila kisima kina wenyewe wanaojulikana. Kipande kinachoonekana kimeachwa Aprili huenda ndicho ngamia watakachokitegemea Septemba.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iko wazi kuhusu jambo hili. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti imekatazwa kuiuza au kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Ile iliyosajiliwa nayo haiwezi kutolewa mpaka angalau theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa wakubali. Kwa hiyo mzee mmoja, chifu, au mwakilishi wadi, hata awe mtu wa heshima kiasi gani, hawezi kukukatia ekari tano kando ya barabara kuu na kukuandikia karatasi. Akikuandikia, umenunua karatasi tu.

Wenye nguvu kuliko wewe wamekwama hapo. Mradi wa umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Huo ni mradi uliokuwa na mawakili na mabenki nyuma yake. Mstaafu mwenye akiba yake ya miaka thelathini atasimama na nani?

Ndiyo maana ninawaambia wateja wangu wabaki ndani ya miji iliyopangwa na kupimwa. Hilo linapunguza orodha haraka sana. Vituo vidogo vya njiani kama Merille, Log Logo na Turbi vinavutia kwa sababu lami imepita mlangoni, lakini uliza kwanza kama kituo chenyewe kina ramani ya mpango iliyoidhinishwa. Kama hakina, maduka yote unayoyaona yamesimama kwa makubaliano ya watu. Makubaliano hayo yanawafaa wao kwa sababu wanajuana kwa vizazi. Wewe huna kizazi hapo.

Archers Post nayo ina jambo lake. Eneo hilo limetumika kwa miaka mingi kwa mazoezi ya kijeshi, na mabomu ambayo hayakulipuka yameua na kukata watu viungo. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wasamburu na Wamasai 228, jumla ya pauni milioni 4.5, kwa madhara yaliyotokea huko na Dol Dol. Ukiuziwa kipande cha bei rahisi nje ya mji huo, uliza kwa nini hakuna anayechungia hapo.

Sasa tuingie mjini, maana hata mjini kuna shida. Isiolo ina sifa mbaya kwa barua za mgao, yaani barua za serikali za kumgawia mtu ploti. Mpango wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ulipozinduliwa Machi 2012, na habari za uwanja wa ndege na mji wa kitalii zikaenea, kila mtu alitaka ploti Isiolo, na ploti moja ikajikuta na barua mbili au tatu. Kuna kiwanja nilichoitwa kupima nikakuta bikoni mbili, yaani alama za mpaka wa ploti, kwenye kona moja, zimeachana hatua tatu hivi. Zote zilikuwa vyuma vilivyofukiwa kwenye zege, moja imeanza kupasuka kwa jua, nyingine zege lake bado jeupe. Katikati yake palikuwa na ua wa miiba wa mtu wa tatu, mama aliyekuwa akifuga mbuzi hapo na ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Wenye karatasi wote wawili waliishi Nairobi.

Barua ya mgao si hatimiliki. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2023 katika kesi ya Torino Enterprises: barua hiyo ni ahadi tu, na haimpi mtu umiliki mpaka masharti yatimizwe na ardhi isajiliwe. Mwaka huohuo, katika kesi ya Dina Management iliyotoka Mombasa, mahakama hiyo ikaenda mbali zaidi. Ilisema kwamba hata hatimiliki yenyewe haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Nawaomba mzingatie uamuzi huo kabisa. Kufanya upekuzi katika masjala ya ardhi na kuona jina la muuzaji hakutoshi tena. Lazima urudi nyuma: ardhi hii ilitokaje mikononi mwa umma au jamii hadi kwa mtu wa kwanza? Ramani ya mpango iko wapi? Kumbukumbu za upimaji zina nambari gani? Muuzaji akianza kuona maswali hayo ni matusi, funga faili.

Upande wa Isiolo kuna shida nyingine ambayo madalali hawaitaji. Mpaka wa kaunti za Isiolo na Meru una mgogoro wa miaka mingi, hasa kuelekea Ngare Mara. Kaunti mbili zikidai eneo moja, kuna uwezekano wa kupewa karatasi na upande ambao kesho utaambiwa haukuwa na mamlaka. Hapo mimi nisingenunua kwa bei yoyote.

Nikishapita kwenye karatasi, ninakwenda kwenye maji, na hapa Marsabit inawadanganya wengi. Ukifika Julai asubuhi, ukungu umefunika mji, msitu wa mlimani umeiva kijani, unavaa sweta, huamini kwamba saa chache nyuma ulikuwa kwenye joto la Laisamis. Unajiambia hapa maji hayawezi kukosekana. Yanakosekana. Mji unategemea chemchemi za Bakuli ndani ya msitu, na watu wameongezeka kuliko uwezo wake. Bwawa la Badasa lililotarajiwa kuwaokoa lilikwama kabla ya kukamilika. Ukame ukija, na ule ulioanza mwisho wa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo, mitungi ya lita 20 inapangwa foleni na magari ya maji yanageuka biashara kubwa.

Kuchimba kisima si jibu la haraka. Unahitaji uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini, kisha kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mwamba wa volkano wa mlima huo unaweza kukupeleka chini sana kabla hujapata tone. Ukielekea jangwa la Chalbi, hatari ni chumvi. Turkana walishangilia mwaka 2013 ilipotangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna hifadhi kubwa ya maji, halafu vipimo vya baadaye vikaonyesha yana chumvi nyingi. Kwa hiyo Marsabit jenga paa kubwa na tangi kubwa kabla ya kufikiria ukumbi, na uvune misimu yote miwili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba.

Maji yaliyopungua mwaka mzima yanaweza pia kukujia yote usiku mmoja. Ploti za bei ya chini mara nyingi ziko kando ya laga, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Ukiitazama laga kiangazi unaona mchanga mweupe na nyayo za mbuzi. Inua macho uangalie migunga ya pembeni. Vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ndiyo kipimo cha mafuriko ya mwisho. Nimeona takataka hizo zikiwa juu ya kichwa changu, huku dalali akinionyesha pa kujenga jikoni.

Kuhusu usalama nitasema kwa uwazi kwa sababu ninaipenda Marsabit. Mei 2022 serikali iliweka kafyu huko baada ya mauaji ya muda mrefu kati ya jamii. Mitaa ya mji imejigawa kwa ukabila kwa kiasi ambacho mgeni haoni. Kabla ya kuchagua mtaa, keti na wenyeji wa jamii mbalimbali: Waborana, Wagabra, Warendille na Waburji ambao ndio wakulima hodari wa mlimani. Wasikie wote. Mtaa ambao watu wa jamii zote wanakubali kuja kunywa chai ndio mtaa wa kununua.

Mtu akinibana nichague, namwambia hivi. Kwa kuishi, Marsabit, ndani ya mji, ploti yenye hati safi. Kwa biashara ya ghala na gereji, Isiolo, kwa sababu barabara zinakutana pale na maji yake ni afadhali, lakini uwe na wakili mkali kuliko wa kawaida. Moyale ni ya mfanyabiashara aliye tayari kuishi kwa kutegemea mpaka wa Ethiopia. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Desemba 2020 na wateja wako watatoka pande zote mbili, ila siku hali ikichafuka upande wa pili, duka lako litaisikia kabla ya redio.

Walio ng'ambo wakumbuke Ibara ya 65 ya Katiba: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Uraia pacha unaruhusiwa, kwa hiyo kama uliupoteza wa Kenya, urejeshe kwanza kabla ya kutia sahihi. Ardhi ikiwa ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi sita ya mkataba, la sivyo mkataba unakufa. Mke au mume wa muuzaji naye atoe idhini kwa maandishi. Na pesa zipitie kwa wakili, si kwa dalali.

Kisha, kabla ya yote hayo, panga chumba katika mji uliouchagua, uhamie mwishoni mwa Januari na ukae hadi mvua za Machi. Andika kila siku mtungi wa maji unauzwa kiasi gani, nani anauleta, na siku ngapi haukuja. Ukiona unaweza kuishi na hesabu hiyo, nipigie tukatafute bikoni.