Malipo ya ukame kwa wafugaji: kinacholipiwa ni nini hasa

Mfugaji wa Witu, kaunti ya Lamu, akisikia wenzake wa Tana River wametumiwa pesa za kiangazi, swali la kwanza huwa ni nani aliyekwenda kuhesabu mizoga. Hakuna aliyehesabu. Malipo haya ni bima inayofuata hali ya malisho, si fidia ya ng'ombe aliyekufa, na asiyelielewa hilo mapema huishia kugombana na maafisa bure.

Serikali ya Kenya ilianza mpango huu Oktoba 2015 huko Wajir na Turkana, ukaenea hadi kaunti nane, Tana River na Garissa zikiwemo. Lamu na Kilifi hazikuwamo. Ada ya bima ililipwa yote na serikali kwa kaya zilizochaguliwa, mwisho vizio vitano vya mifugo. Ng'ombe mmoja ni kizio kimoja, ngamia ni 1.4, mbuzi au kondoo 10 ni kizio kimoja. Mwenye ng'ombe watatu na mbuzi 20 amefika vitano. Kila kizio kilikatiwa shilingi 14,000 kwa mwaka, yaani 70,000 kwa kaya, na hicho ni kilele, tena kimegawanywa kati ya msimu wa masika na wa vuli. Mwenye ng'ombe 100 naye alikatiwa watano tu.

Kipimo chenyewe hutoka kwenye satelaiti, inayosoma ukijani wa ardhi. Kila eneo la bima lina wastani wake, na msimu wa sasa hulinganishwa na misimu iliyopita ya eneo hilo hilo. Chukua misimu 20, uipange kuanzia mbaya kabisa. Huu wa sasa ukiangukia ndani ya minne ya mwanzo, malipo yanaanza, na kadiri ulivyo mbaya ndivyo pesa zinavyopanda. Ukiwa wa tano, hupati hata senti, ingawa machoni mwa mchungaji hauna tofauti na wa nne.

Malalamiko mengi huzaliwa hapo. Satelaiti huona kijani. Haijui mbuzi anakula nini. Mti wa mathenge hubaki wa kijani jua likiwaka, na pale ulipotamalaki nyasi zaweza kwisha huku kipimo kikionyesha mambo si mabaya sana. Halafu kuna huo wastani: mvua ikinyesha upande mmoja wa eneo, upande mkavu unahesabiwa pamoja nao. Kinyume chake hutokea pia, asiyepoteza hata mbuzi akalipwa. Huo si wizi, ndivyo mkataba ulivyo.

Magonjwa, kama ya ndorobo au homa ya mapafu, hayamo kwenye bima hii. Simba akiua ndama, hilo linaangukia sheria ya wanyamapori ya 2013: ripoti KWS, shirika la serikali la wanyamapori, upesi, kabla mzoga haujaburutwa na fisi na nyayo kufutika.

Pesa za bima zimekusudiwa kuingia mnyama akiwa bado hai, zinunue marobota ya nyasi, maji na dawa. Februari 2017 zililipwa takriban shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000. Anayezihifadhi hadi ng'ombe waanze kulala chini hukuta bei ya nyasi imeshapaa, na ng'ombe aliyeshindwa kusimama ni nadra kuokolewa na robota.

Usajili nao una mitego yake. Namba ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lile lile la kitambulisho. Kutumia laini ya mtoto aliye Malindi ni njia rahisi ya malipo kukwama.

Mwaka 2022 ulikuja mradi wa DRIVE, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ndani yake mfugaji huchangia sehemu ya ada. Kabla ya kutoa chochote, iwe Witu au Magarini kule Kilifi, muulize afisa wa mifugo mambo matatu: eneo letu la bima linaishia wapi, dirisha la kununua linafungwa lini kabla ya mvua, na sehemu yangu ya ada ni kiasi gani kwa kila kizio.