Nane kati ya kumi si fomu

Kila mwaka ikifika Julai ujumbe ni uleule. Kuna timu ya besiboli iliyokuwa ikiburura mkia tangu Aprili, sasa imeshinda mechi nane kati ya kumi za mwisho, na mtu wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya hapa Kisumu, anayefuatilia matokeo kwa simu ananiandikia: "Mwalimu, hawa wameiva. Wamepata fomu." Mwaka huu jumbe zimezidi. Badala ya kujibu mmoja mmoja, najibu hapa.

Huenda wameiva kweli. Lakini hizo nane kati ya kumi haziwezi kukuambia.

Nafundisha takwimu, na wikendi huzifanyia hesabu timu za kandanda za hapa Kisumu. Ndiyo maana naelewa kosa hili linakotoka. Sisi tumelelewa na kandanda, na kandanda ina mechi chache. Gor Mahia ilichukua ubingwa wa 2015 bila kupoteza hata mechi moja, na aliyeishi mji huu mwaka ule anajua maana ya timu isiyofungika. Katika ligi ya mechi thelathini na kitu, ushindi wa mechi tano mfululizo ni kipande kikubwa cha msimu. Mtu huyo huyo akihamia besiboli anaenda na jicho lile lile, na jicho hilo humdanganya.

Besiboli ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Idadi kubwa kabisa ya ushindi kuwahi kupatikana katika msimu mmoja ni 116: Chicago Cubs mwaka 1906 na Seattle Mariners mwaka 2001. Hao Mariners, waliofikia rekodi ile, walipoteza mechi 46, na hawakufika hata World Series, yaani fainali ya ubingwa. Upande wa pili, Chicago White Sox wa 2024 walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi. Lakini walishinda 41. Yaani timu mbovu kuliko zote hushinda mara moja kila mechi nne, na timu bora kuliko zote hupoteza karibu mara moja kila mechi nne. Katika ligi ya namna hiyo, mechi kumi hazina uzito unaozipa.

Chukua sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba. Irushe mara kumi. Simba akitokea, umeshinda. Ikitokea nembo ya taifa, umepoteza. Kuna mifuatano 1,024 inayowezekana, na katika 56 kati yake simba hutokea mara nane au zaidi. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia tano. Ligi ina timu 30. Kama zote zingekuwa na nguvu sawa kabisa, na kila mechi ikawa bahati tupu, siku yoyote unayofungua msimamo wa ligi ungetarajia kuikuta timu moja au mbili iliyoshinda nane au zaidi kati ya kumi za mwisho. Ungekuta pia moja au mbili iliyopoteza nane. Hakuna aliyeiva na hakuna aliyeoza.

Jaribio hili hulifanya na wanafunzi darasani. Karibu kila mara hupatikana wawili au watatu wenye simba nane. Ninachokipenda ni kinachofuata: wenzao huwageukia na kuwauliza wanarushaje. Mmoja huonyesha jinsi anavyoiweka sarafu juu ya kucha ya kidole gumba. Wengine huanza kuiga. Baada ya mirusho mingine kumi, bingwa ana simba wanne, naye huangalia kidole chake kana kwamba kimeumia. Shabiki wa Julai hufanya vivyo hivyo. Ameona matokeo, sasa anatafuta sababu, na sababu hazikosekani kamwe.

Jambo la pili nitalipita haraka. Katika kandanda, timu ya Jumamosi ni ileile ya Jumatano, ukiondoa mmoja au wawili. Katika besiboli mrushaji anayeanza mechi, yule anayewarushia wapigaji mpira, hubadilika kila siku, kwa kawaida watano kwa zamu. Katika mechi kumi, mrushaji bora wa timu ameanza mara mbili tu. Ukiniambia "timu" imeshinda nane, nitakuuliza ni nani aliyekuwa kwenye kilima, pale anaposimama mrushaji, na ni nani aliyekuwa kwenye kilima cha wapinzani. Kukutana na wachovu wa ligi kwa wiki mbili hakumkomazi mtu.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa: watu kuhesabu ushindi bila kuhesabu mikimbio, yaani mabao ya besiboli.

Mechi ya 3–2 na mechi ya 9–1 zote ni ushindi mmoja kwenye msimamo. Lakini hazisemi jambo moja kuhusu timu. Bill James, Mmarekani aliyefanya hesabu za besiboli kuwa kazi ya heshima, alitupatia njia rahisi ambayo bado inafanya kazi. Chukua mikimbio timu iliyofunga, ipige kwa yenyewe. Chukua iliyofungwa, ipige kwa yenyewe. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Tuseme katikati ya msimu, mechi 81, timu imefunga mikimbio 400 na kufungwa 380. Hesabu inatoa karibu 0.526, yaani ushindi 42 au 43. Kama msimamo unaonyesha imeshinda 48, basi ina ushindi tano hivi ambao haukutoka kwenye nguvu zake. Haijaiba. Imeshinda mechi za mkimbio mmoja mmoja, na mechi hizo ni jamaa wa karibu sana wa ile sarafu.

Mfano ninaoupenda ni Baltimore Orioles. Mwaka 2012 walishinda mechi 93 na kufika mchujo wa kuwania ubingwa, ingawa msimu mzima walifunga mikimbio 712 na kufungwa 705. Tofauti ya mikimbio saba tu! Wenye tofauti hiyo kwa kawaida hushinda 81 au 82. Siri ilikuwa mechi za mkimbio mmoja: walishinda 29 na kupoteza 9. Mashabiki waliapa kwamba timu ile ina moyo na inajua kumaliza mechi. Mwaka uliofuata, mechi za aina ileile zikawa ushindi 20 na kupoteza 31. Sikubali kwamba moyo uliwatoka majira ya baridi.

Upande wa pili wa kosa hili ndio unaonipa furaha. Washington Nationals walikuwa na ushindi 19 na kupoteza 31 mwezi Mei 2019. Watu walitaka kocha afukuzwe. Lakini walikuwa na Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin kilimani, na udhaifu wao ulikuwa kwa warushaji wa akiba, wanaoingia mwishoni mwa mechi. Walimaliza na ushindi 93, wakachukua World Series. Wengi huiita hadithi ya timu iliyozinduka. Mimi naona timu nzuri ambayo msimamo wa Mei ulikuwa unaisingizia.

Na kocha mpya? Tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone, na mashabiki wetu wanaiamini kuliko hesabu yoyote. Philadelphia Phillies walimfuta Joe Girardi mwezi Juni 2022 wakiwa na ushindi 22 na kupoteza 29. Chini ya Rob Thomson walishinda 65 na kupoteza 46, wakafika World Series na kushindwa na Houston Astros. Tazama lakini kocha hufutwa lini. Hufutwa timu ikiwa chini kabisa, na timu iliyo chini kuliko uwezo wake ina njia moja kubwa mbele yake, nayo ni kupanda. Ukimleta kocha siku hiyo, sifa zote ni zake. Sisemi Thomson hakufanya kitu. Ushindi 65 kati ya 111 ni mwingi, na sidhani bahati peke yake inautosha. Nasema mechi kumi zake za kwanza zisingeweza kutuonyesha hilo.

Hapa niseme mashaka yangu, kwa sababu vitabu vya kufundishia huyapita kimya kimya.

Kwa miaka mingi sisi wa takwimu tulifundisha kwamba "mkono wa moto" haupo. Gilovich, Vallone na Tversky walichunguza mpira wa vikapu mwaka 1985 na kuhitimisha kwamba mchezaji aliyefunga mara kadhaa mfululizo hana nafasi kubwa zaidi ya kufunga tena. Tulilisema kwa kiburi kidogo, kana kwamba mashabiki ni watoto. Kisha mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba njia ile ya kuhesabu ilikuwa na upogo wa ndani, na ukiurekebisha, dalili za mkono wa moto zinaonekana. Kwa hiyo nikisema mechi kumi hazitoshi, ninamaanisha hazitoshi kuona. Sisemi hakuna kitu. Mpigaji aliyepata usingizi, ambaye bega limepona, ambaye anaiona tena mipira ya kupinda, yupo kweli. Hesabu yangu haiwezi kumtenganisha na mwenye bahati mpaka msimu umesonga sana, na hilo ni pungufu la hesabu, si la mchezaji.

Hata tofauti ya mikimbio ina kasoro. Ushindi mmoja wa 17–2 huivimbisha kwa mwezi mzima, na mara nyingi katika mechi kama hiyo aliyebambwa ameacha kutumia warushaji wake wa maana, pengine amempeleka mlinzi wa besi akarushe ili wengine wapumzike. Mimi huziangalia mechi hizo kando kabla ya kuamini jumla.

Mabadiliko ya kweli huyaona wapi basi? Kwa watu. Atlanta Braves wa 2021 walifika mapumziko ya Julai na ushindi 44 na kupoteza 45, wakiwa wamempoteza Ronald Acuña Jr. kwa goti. Uongozi ukaleta Joc Pederson, Jorge Soler, Adam Duvall na Eddie Rosario, karibu safu nzima ya nje. Hawakuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo hadi Agosti 6. Walichukua World Series, na Soler akawa mchezaji bora wa fainali. Hapo kuna jambo la kushika mkononi: majina mapya kwenye orodha. Pia tazama warushaji wanawatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu na wanatoa besi ngapi za bure kwa kurusha vibaya. Namba hizo hutulia mapema kuliko ushindi.

Na usidhani ni shabiki peke yake anayenaswa. Minnesota Twins wa 2017 walimnunua mrushaji Jaime García mwezi Julai wakitaka kuwania mchujo. Wakapoteza mechi kadhaa wiki ile. Ofisi, yenye wataalamu wake wote, ikasoma ile wiki moja ikaona msimu umekwisha: García akauzwa kwa New York Yankees baada ya kuwaanzia mechi moja tu, na Brandon Kintzler, mrushaji aliyekuwa akiwamalizia iningi ya tisa, yaani kipindi cha mwisho cha mechi, akapelekwa Washington. Timu iliyobaki ikaendelea kucheza. Ikamaliza na ushindi 85, ikaingia mchujo kwa nafasi ya mwisho, ikatolewa kwa mechi moja, 8–4, na Yankees.