Je, wajua kwa nini anayejua ubaya wa chang'aa bado huirudia, na daftari humsaidiaje?

Mnywaji wa Kondele, Kisumu, hana haja ya kuambiwa kwamba chang'aa, pombe kali ya kienyeji, inaua. Analijua hilo kuliko anayemhubiria. Amewahi kubeba majeneza. Mbona basi Ijumaa jioni miguu inampeleka kule kule?

Wanasihi wa uraibu hujibu hivi: kati ya mtu na glasi kuna mlolongo wa mambo madogo, na unapita upesi mno hata mwenyewe hauoni. Tiba ya fikra na tabia, ambayo daktari Aaron Beck wa Marekani aliianzisha miaka ya 1960 akiwatibu wenye sonona, huupunguza kasi mlolongo huo hadi uonekane. Hapo ndipo hutafutwa mahali pa kuukata.

Tumchukue mwendesha boda. Ni saa kumi na mbili jioni, ana shilingi 1,200 mfukoni, na abiria wa mwisho amemtukana kwa sababu ya nauli. Hicho ni kichocheo. Fikra inafuata: "Nimeteseka kutwa nzima, moja tu haina neno." Mabega yamekaza, mate yanajaa kinywani. Anaamua kupitia njia ya nyuma "kumsalimia rafiki". Anakunywa. Faida ya papo hapo ni kwamba hasira imeisha. Hasara ya kesho ni kukosa pesa ya petroli. Mnasihi humtaka ayaandike hayo daftarini katika safu sita: kichocheo, fikra, hisia, kitendo, faida ya sasa, hasara ya baadaye. Safu ya faida isiachwe wazi kwa aibu. Pombe inamfanyia kazi fulani, na isipojulikana ni kazi gani, hakuna kitakachowekwa mahali pake. Kiasi nacho kiandikwe kwa shilingi na kwa chombo, maana chang'aa ya muuzaji huyu na ya yule hazilingani ukali.

Sasa itazame ile salamu kwa rafiki. Uamuzi ulionekana hauna uhusiano na pombe, kumbe ndio uliompeleka mlangoni. Kukata hapo ni rahisi kuliko kukata akiwa ameshaketi kwenye benchi. Pengine apite barabara kuu, na pesa za siku azitume kwenye chama cha akiba saa kumi, kabla hamu haijaamka.

Hamu yenyewe hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa usipoilisha. Mtu hufundishwa kuondoka alipo, kula kitu (njaa huizidisha), kumpigia mtu aliyechaguliwa mapema, na kuipima hamu yake kutoka 0 hadi 10 kila baada ya dakika tano. Nambari zikishuka mbele ya macho yake, ile imani kwamba "nisipokunywa nitapasuka" hupungua nguvu. Kumweleza tu hakutoshi.

Kukataa nako hufanyiwa mazoezi kwa sauti, mnasihi akijifanya rafiki mchokozi: "Wee, umeokoka lini?" Jibu liwe fupi, litoke haraka, macho yakimtazama mwenzako: "Hapana, siku hizi sinywi." Kisingizio cha "niko kwa dawa" ni kibaya, kwa kuwa kinamwalika arudi dawa zikiisha.

Je, tiba hii hufanya kazi kwetu? Huko Eldoret, watafiti waliijaribu kwa wagonjwa 75 wanaoishi na virusi vya ukimwi na waliokuwa wakinywa. Vikao vilikuwa 6, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja, kwa Kiswahili, wanaume na wanawake katika vikundi tofauti. Walioviongoza hawakuwa wanasaikolojia bali watu waliofunzwa kazi hiyo. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2011, siku 90 baada ya vikao asilimia 69 walisema hawanywi, dhidi ya 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Ni kundi dogo, na kipimo ni maneno yao wenyewe, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu kikao kimegeuzwa mahubiri, au daftari halijazwi na hakuna anayeuliza. Hatari nyingine ni baada ya kuteleza mara moja. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alionyesha kwamba fikra inayofuata, "nimeshaharibu, wacha nimalize", ndiyo hugeuza glasi moja kuwa wiki nzima. Kwa hiyo mpango wa kuteleza huandikwa mtu akiwa bado hajanywa: weka glasi chini, ondoka, piga simu, na kesho yake jaza zile safu sita.

Tahadhari moja kubwa: anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa nyumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Aanzie hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1, kisha vikao vifuate akili ikitulia. Kujua kituo kilicho karibu, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na haitozi pesa.