Kadi Imeisha, Ukaazi Haujaisha

Simu za aina hii huingia saa nane usiku hapa Ottawa, kwa kuwa Dar es Salaam kumeshakucha na watu wamekwisha kunywa chai.

"Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Kadi yangu ya PR imeisha tangu mwaka juzi na bado niko huku nyumbani. Ndiyo nimeshapoteza makaratasi?"

Mimi ni mshauri wa uhamiaji mwenye leseni, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: Wapwani wa Kenya, Watanzania, Wakongomani wa Kivu, Warundi. Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika. Kadi ya PR, yaani ya ukaazi wa kudumu wa Kanada, ikiisha hujapoteza kitu. Ile ni plastiki ya kumwonyesha mtu wa kaunta ya ndege, na ukaazi wenyewe hauna tarehe ya kuisha. Kwa sheria ya uhamiaji ya Kanada, ile iliyoanza kutumika Juni 2002, ukaazi wa kudumu unakutoka kwa njia chache tu. Unaupoteza ukipata uraia, ukiukana mwenyewe kwa maandishi, ukipewa amri ya kuondoka nchini nayo ikaanza kufanya kazi, au afisa akiamua kwamba hukutimiza siku zako na uamuzi huo ukawa wa mwisho. Iko na njia nyingine inayowahusu waliokuja kama wakimbizi. Hiyo nitaifikia, maana ndiyo inayoninyima usingizi kuliko simu.

Kwa hiyo mimi siulizi kadi iliisha lini. Nauliza: katika miaka 5 iliyopita, umekaa Kanada siku ngapi? Sheria inataka 730, si lazima zifuatane. Siku uliyoondoka na siku uliyorudi zote zinahesabiwa kuwa ulikuwepo. Watu wanapopigwa chenga ni kwenye ile "miaka 5". Wengi hudhani inaanza siku waliyotua, halafu inaanza tena kadi mpya ikitoka, kama mwaka wa shule. Sivyo. Afisa anasimama kwenye siku anayokuchunguza, anageuka nyuma, anatazama miaka 5 kamili kutoka hapo. Kesho akikuchunguza, dirisha limesogea siku moja.

Nichukue mama mmoja wa Tanga, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina. Alitua Toronto tarehe 10 Aprili 2018. Tarehe 20 Agosti 2019 akarudi Tanga kwa sababu mama yake alipooza upande mmoja. Ikaja korona, mgonjwa akazidi, akazikwa mwishoni mwa 2022. Mteja wangu akarudi Kanada tarehe 5 Februari 2023, kadi yake ikiwa imebakiza miezi michache. Uwanja wa ndege hakuulizwa kitu. Wiki ya pili akaja ofisini kwangu na fomu ya kuomba kadi mpya, ameshaijaza yote, picha mbili zimebanwa kwa klipu.

Nikamwomba asiipeleke. Tukahesabu kwa kalenda ya ukutani. Safari ya kwanza ilikuwa na siku 498. Kutoka 5 Februari mpaka 9 Aprili 2023, siku yake ya mwisho ya miaka 5 ya mwanzo, angepata 64. Jumla 562. Pungufu 168.

"Basi nitakaa miezi sita, nitakuwa nimemaliza," akasema.

Hapo ndipo nilipochora ndoo yenye tundu. Baada ya 9 Aprili 2023, kila siku mpya aliyoishi Kanada ilikuwa inaingia kwa juu, na kila siku ya zamani ya 2018 ilikuwa inachuruzika kwa chini, kwa sababu imeshatoka nje ya dirisha. Angekaa mwaka mzima bila kusafiri, hesabu ingebaki pale pale, 562 au 563. Ndoo ingeanza kujaa baada ya 20 Agosti 2024 tu, siku za ile safari ya kwanza zitakapokuwa zimekwisha kuvuja zote. Siku ya 730 ilikuwa inaangukia tarehe 3 Februari 2025. Miaka miwili kasoro kidogo, bila kutoka nje ya nchi, na kwa muda mwingi bila kadi hai mfukoni.

Alilia kidogo, kisha akauliza kama ataruhusiwa kufanya kazi. Ataruhusiwa. Yeye bado ni mkaazi wa kudumu, na namba ya SIN, ile mwajiri anayokuomba, ya mkaazi wa kudumu haina tarehe ya kuisha.

Kulikuwa na njia ya pili: kupeleka maombi mara moja na kuomba afisa asamehe upungufu kwa sababu za kibinadamu. Sheria inaruhusu, na kumuuguza mzazi ni sababu nzito ukiwa na barua za hospitali, cheti cha kifo, na maelezo ya nani mwingine angeweza kumuuguza. Maafisa hutazama pia ulipungukiwa kwa kiasi gani, ulirudi mara tu ulipoweza au ulijivuta, na kama kuna mtoto atakayeumia. Lakini huruma ni uamuzi wa mtu, na 730 ni hesabu. Mtu akiwa tayari yuko ndani ya Kanada na hana dharura ya kusafiri, mimi karibu kila mara humwambia akae kimya ajaze ndoo. Najua wenzangu wengine hawakubaliani.

Mambo hugeuka ukiwa nje na kadi imeisha. Ndege, treni, basi na meli hazitakupakia bila kadi hai au hati ya safari ya mkaazi wa kudumu. Hati hiyo huombwa ukiwa nje ya Kanada, ada yake dola 50 za Kanada kama ya kadi. Ukiiomba umemwalika afisa akuhesabu. Siku zikitosha, anakupa. Zisipotosha wala asiridhike na sababu zako, anaandika kwamba umeshindwa masharti, na hapo una siku 60 za kukata rufaa tangu upate uamuzi wa maandishi. Kuna kipengele ambacho watu hawakijui: kama ulikuwepo Kanada hata siku moja ndani ya siku 365 kabla ya kuchunguzwa, na umekata rufaa, una haki ya kupewa hati ya kurudi usubiri rufaa ukiwa ndani. Nimeona mtu akiikosa haki hiyo kwa kuchelewa wiki tatu, kwa sababu alingoja tiketi ishuke bei.

Wenye viza ya Marekani wana mlango mwingine. Unaruka mpaka Buffalo, mji wa Marekani ulio mpakani, rafiki anakuja kukuchukua na gari lake, mnavuka daraja. Gari binafsi halina mtu wa kukukatalia kupanda, na afisa wa mpakani akisharidhika kwamba wewe ni mkaazi wa kudumu, lazima akuruhusu kuingia. Anaweza kukuandikia ripoti, na ikizaa amri ya kuondoka una siku 30 za rufaa. Jua tu kwamba ripoti ikishaandikwa, siku unazokaa baada yake haziingii kwenye ndoo, isipokuwa ikibatilishwa. Mlango huu ni halali, lakini si wa kuupita ukiwa na siku 90 kati ya 730.

Siku za nje huweza kuhesabiwa ukiwa unaishi pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, au ukiwa mtoto unayeishi na mzazi raia. Kinyume chake hakipo: mwanao kuwa raia hakukupi wewe hata siku moja. Kazi nayo inahesabika kama mwajiri wa Kanada alikutuma nje kwa kazi ya muda kamili. Kuajiriwa Nairobi na tawi la Nairobi ni hadithi nyingine, na mara nyingi haina mwisho mzuri.

Usidanganye tarehe, hata kama dalali fulani amekuambia Kanada haigongi muhuri wa kutoka. Kweli haigongi. Lakini tangu 2020 mashirika ya ndege hupeleka taarifa za wanaoondoka, na afisa huzifungua kwenye kompyuta yake. Siku pungufu unaweza kuziombea msamaha. Uongo unaweza kukutoa nchini na kukufungia mlango miaka 5.

Sasa wakimbizi. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, someni hapa polepole. Ulikuja kama mkimbizi, ukapata PR, siku zako zinazidi hata 1,000, unaomba kadi mpya bila wasiwasi. Kwenye fomu unaorodhesha safari zako, na ndani yake umeandika Bukavu, wiki sita, msibani, kwa pasipoti ya Kongo uliyoichukua ubalozini. Tangu Desemba 2012, serikali inaweza kuomba itangazwe kwamba umerudi chini ya ulinzi wa nchi uliyoikimbia, na ombi hilo likikubaliwa kwa sababu hiyo, ukimbizi na PR vinakwenda pamoja. Hakuna rufaa ya kawaida, kinachobaki ni kuomba Mahakama ya Shirikisho iupitie uamuzi. Mwaka 2022, katika kesi ya Galindo Camayo, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilisema lazima kutazamwe mambo kadhaa: kama mtu alijua kweli anachohatarisha, alisafiri kwa nini, alijificha vipi, na kama aliyemtesa ni serikali au watu wengine. Imesaidia, haikuondoa hatari. Mtu wa namna hii nikimpata kabla hajajaza fomu, mara nyingi tunazungumza uraia kwanza, kwa sababu raia hashikwi na kipengele hicho. Unahitaji siku 1,095 katika miaka 5.

Mkenya ananiuliza kwa nini watu wasichukue uraia tu, yaishe. Yeye katiba yake ya 2010 inamruhusu kuwa na pasipoti mbili. Mtanzania mtu mzima akiapa Kanada, uraia wa kwao umekwenda, na ndiyo maana nina wateja Watanzania wenye miaka 20 ya kuhesabu siku.

Mama wa Tanga naye anahesabu. Alisubiri. Alikosa harusi mbili na arobaini moja. Tulipeleka maombi mwishoni mwa Februari 2025 badala ya tarehe 3, tukiacha nafasi ya makosa yetu wenyewe, na kadi ikaja kwa posta. Tarehe 10 Juni alipanda ndege kwenda nyumbani akiwa na siku 857. Kabla hajaondoka nilimwandikia tarehe mbili nyuma ya bahasha: 5 Februari 2028, siku ndoo itakapoanza kuvuja, na 10 Juni 2028, ambayo isimkute bado Tanga. Ameniambia bahasha ameibandika ndani ya mlango wa kabati, karibu na kalenda ya msikiti.