Nikotini na homoni za msongo: maswali na majibu

Nikiwa na mawazo, sigara hunituliza. Itakuwaje iongeze msongo?

Utulivu unaousikia ni wa kweli. Swali ni umetoka wapi. Ukivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, kisha kiwango chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Kwa aliyezoea, kikishuka arosto inaanza: hasira za karibu, mawazo hayatulii, mikono haijui ikae wapi. Anawasha nyingine, arosto inakata, sifa inakwenda kwa sigara. Kwa kiasi kikubwa imemtoa pale pale ilipomwingiza ile iliyotangulia.

Mwilini kinatokea nini?

Kuna njia mbili. Ya haraka ni ya adrenalini, inayotoka katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Nikotini huzichochea, moyo unaongeza kasi, mishipa inabana, presha inapanda, na mwenyewe amekaa tu kwenye kiti.

Ya pili huenda polepole. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo upande wake wa chini, huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziagiza tezi za adrenali kutoa kotisoli, homoni kuu ya msongo. Nikotini huianzisha safari hii kutoka huko juu kabisa.

Na kwa aliyevuta miaka mingi?

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Katika siku ya kawaida, kotisoli yake mara nyingi huwa juu kidogo kuliko ya asiyevuta. Lakini msongo wenyewe ukija, haipandi inavyotakiwa.

Hili limepimwa. Tangu 1993 watafiti hutumia jaribio lililobuniwa Trier, Ujerumani: mtu anahutubia jopo lisilotabasamu, kisha anatoa 13 kutoka 1022 kwa sauti, anaendelea kushuka, na akikosea anarudishwa mwanzo. Hakuna asiyetoka jasho. Mate yakipimwa, kotisoli ya wavutaji wa muda mrefu haipandi sana kama ya wasiovuta.

Usidhani huo ni ujasiri. Kotisoli ina kazi: kuupa mwili sukari ya kutumia, kuzuia uvimbe usipitilize, na kuuambia ubongo uzime king'ora. Na ile inayobaki juu siku zote huchangia mafuta ya tumboni na kuifanya insulini ishindwe kazi. Si sababu pekee, lakini wavutaji wana hatari ya kisukari cha aina ya 2 iliyo kubwa kwa asilimia 30 hadi 40.

Vape, shisha au ugoro je?

Nikotini ni ileile. Kibandiko cha nikotini kinachobandikwa kwenye ngozi hutofautiana kwa sababu huitoa taratibu, bila kupandisha na kushusha, ndiyo maana hutumika kusaidia watu kuacha.

Nikiacha, mfumo unarudi?

Unarudi, ila mwanzo ni mgumu. Arosto huwa kali zaidi siku 3 za kwanza na hulegea ndani ya wiki 3 au 4. Siku hizo kotisoli hushuka, na wale ambao inashuka sana ndio hurudia sigara mapema. Kwa hiyo anayeshindwa mara ya kwanza asiitwe mzembe, aongezewe msaada. Baadaye picha ni nzuri: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walioendelea.

Nimeacha, lakini moyo unadunda na usingizi hauji. Ni arosto?

Huenda ni kahawa. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vilevile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo punguza hadi nusu. Na kama unatumia klozapini au olanzapini, dawa za magonjwa ya akili ambazo nazo moshi huharakisha kuvunjwa kwake, mwambie daktari kabla ya kuacha, maana dozi itahitaji kupangwa upya.