DVD inachomwa polepole? Usikimbilie kulaumu deki

Unachoma nakala rudufu ya kazi zako, nusu saa imepita na bado uko asilimia 40. Wengi hapo hukata shauri kwamba deki, yaani kifaa cha kompyuta kinachochoma diski, imechoka, inunuliwe nyingine. Mimi ningeangalia kwanza data inapitia wapi kabla ya kufika kwenye leza, maana leza haiandiki isicholetewa.

Dhana: Deki ya 16x huchoma kwa 16x mwanzo mwisho.

16x ni kilele tu cha kasi yake. 1x ya DVD ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde, hivyo 16x ni kama megabaiti 22. Lakini uchomaji huanzia karibu na tundu kwenda nje, na kwa mzunguko uleule sehemu ya ndani hupita taratibu kuliko ya pembezoni. Deki huanza na 6x au 7x, ikaigusa 16x mwishoni kabisa. Diski ya gigabaiti 4.7 ikiisha kwa dakika sita hivi, deki yako ni nzima. Deki nyembamba za kompyuta mpakato nyingi hukomea 8x, na hiyo 8x bado inaipita CD ya 52x, kwa kuwa 1x ya CD ni kilobaiti 150 tu.

Dhana: Ikizorota ghafla, deki imekufa.

Hapa ndipo watu hupoteza hela bure. Kwenye mashine za Windows XP zenye waya mpana wa IDE (muunganisho wa zamani wa deki na diski kuu), data husafiri kwa njia ya DMA bila kuisumbua prosesa. Mfumo ukikusanya makosa sita ya mawasiliano, hata kwa sababu ya diski iliyokwaruzika tu, huanza kushusha kasi hatua kwa hatua hadi kuangukia PIO, ambako prosesa hubeba mzigo wote yenyewe. Dalili zake hazifichiki: kipanya kinakwamakwama, muziki unakatika, na kipimo cha bafa (hifadhi ndogo ya kushikilia data inayosubiri kuchomwa) kinajaa na kuisha, kinajaa na kuisha. Wala hairudi DMA yenyewe. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, tazama chaneli ya IDE iliyounganishwa na deki. Ukikuta PIO, ondoa chaneli hiyo kisha washa mashine upya, Windows itaitambua tena. Tatizo likirudi, badilisha waya. Waya ni rahisi kuliko deki.

Deki ya nje nayo ina mtego wake. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 1.1, unapata kama megabaiti moja kwa sekunde, yaani hata 1x haifiki.

Dhana: Gigabaiti nne ni gigabaiti nne.

Filamu moja na picha ndogo elfu ishirini zinaweza kulingana uzito, lakini diski kuu huhangaika kuzitafuta picha hizo moja moja, huku antivirusi ikikagua kila faili. Bafa ikikauka, deki za kisasa husimama kisha huendelea, diski haiharibiki ila muda unakwenda. Dawa yake ni kutengeneza kwanza faili moja la ISO, yaani faili lenye taswira ya diski nzima, halafu ndilo ulichome.

Dhana: Diski tupu zote ni sawa.

Kila diski ina msimbo wa kiwanda, na deki huusoma ili ijue nguvu ya leza ya kutumia. Isipoutambua, huchoma kwa kasi ndogo kwa tahadhari, hata kama ganda limeandikwa 16x.

Dhana: Kadiri unavyochoma polepole ndivyo nakala inavyokuwa imara.

Si lazima. Diski ya 16x imetengenezwa kwa leza yenye nguvu ya kasi hiyo. Kuilazimisha kasi ya chini kabisa si lazima kupunguze makosa. Mimi huchagua 8x.

Na ikifika asilimia 100 kisha deki ikaanza tena kuvuma, usiizime: inakagua ilichoandika. Kwa nakala rudufu, huo ndio muda pekee wa ziada ninaoulipa kwa moyo mweupe.